Soma Klorini Inavyokwisha: Mwongozo kwa Msimamizi wa Mtambo wa Maji

Katika mitambo mingi ya maji ya miji midogo, siku huanza kwa kipimo kimoja. Maji ya tangi la mwisho hutiwa kidonge cha DPD, yakageuka waridi, rangi ikalinganishwa na ile ya kifaa, na namba ikaandikwa daftarini. Ikiwa miligramu 0.5 kwa lita au zaidi, kazi imehesabiwa kuwa njema. Mwongozo huu unakuomba usiishie hapo. Namba hiyo inakuonyesha dawa iliyosalia dakika ile ulipopima, lakini haikuonyeshi maji yako yamebeba nini. Hilo utalijua kwa kufuatilia mwendo: kuanzia pale ulipopima, klorini inapungua kwa kasi gani? Maji yaliyosafishwa vyema huila klorini polepole. Yaliyobaki na uchafu usioonekana huila upesi, hata kama ndani ya glasi yanang'aa sawasawa na yale mengine. Ndiyo maana nasema kasi ya klorini kwisha ni kipimo cha kazi iliyofanyika kabla klorini haijatiwa, yaani shabu, utulizaji na uchujaji, na kila mtambo unaotibu maji ya mto au ya ziwa ungepaswa kuipima.

Sababu yake ni ya kikemia na si ngumu. Klorini ikiingia majini hugeuka kwa sehemu kubwa kuwa asidi ya hipoklorasi, nayo ndiyo inayoua vijidudu. Kadiri pH inavyopanda kupita 7.5, sehemu kubwa ya asidi hiyo hugeuka hipokloraiti, ambayo nguvu yake ya kuua ni ndogo zaidi. Lakini klorini haichagui adui. Hukishambulia chochote kinachoweza kuungana nayo, na vijidudu ni sehemu ndogo mno ya vitu hivyo. Miligramu 1 ya chuma kilichoyeyuka hula takriban miligramu 0.64 za klorini. Miligramu 1 ya naitrojeni iliyomo katika amonia hudai zaidi ya miligramu 7 kabla klorini huru haijaanza kubaki kwa uhakika. Manganizi na salfidi nazo hudai zao. Walaji wakubwa katika maji ya mito yetu, hata hivyo, ni mabaki ya majani, mizizi na udongo, yale yanayoyapa maji rangi ya chai hafifu. Mabaki haya yameyeyuka, kwa hiyo kipimo cha tope hakiyaoni vizuri. Maji yanaweza kuwa chini ya NTU 1, kiwango ambacho fundi yeyote angejivunia, na bado yakawa yamejaa chakula cha klorini. Macho hayatoshi na kipimo cha tope hakitoshi, lakini klorini yenyewe, ukiifuatilia saa kwa saa, itakuonyesha.

Ili uone uzito wa jambo hili, chukua maji ya aina mbili, yote yakitoka tangini na miligramu 1.0 kwa lita. Hesabu inayotumika sana husema kwamba kila saa klorini hupoteza sehemu ileile ya kiasi kilichokuwapo. Kiasi kilichosalia ni kiasi cha mwanzo kikizidishwa kwa e iliyopandishwa kwenye kipeo cha −kt, ambapo t ni muda wa saa na k ni kasi ya kwisha. (Harriet Chick alionyesha mwaka 1908 kwamba vijidudu navyo, vikitiwa dawa, hufa kwa mpangilio wa namna hiyohiyo, kwa hiyo anayeielewa hesabu hii ameelewa pande zote mbili za vita.) Tuseme maji ya kwanza yana k ya 0.03 kwa saa na ya pili 0.15. Baada ya saa 12, ya kwanza yatakuwa na 0.70, na ya pili 0.17, chini ya miligramu 0.2 ambazo Shirika la Afya Duniani linataka zibaki maji yanapomfikia mtumiaji. Ya kwanza yatafika kwenye mpaka huo wa 0.2 baada ya saa 54 hivi, ya pili kabla ya saa 11 kutimia. Na daftari la asubuhi liliyaandika yote mawili 1.0.

Sasa linganisha muda huo na urefu wa mabomba. Maji ya chemchemi za Mzima husafiri takriban kilomita 220 hadi Mombasa. Yangekwenda mita moja kwa sekunde bila kusimama, safari ingechukua saa 61. Kutoka mtambo wa Ruvu Chini, Bagamoyo, hadi matangi ya Chuo Kikuu jijini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 50, na kwa mwendo huohuo hizo ni kama saa 14. Kasi nilizozitaja hapo juu ni za mfano tu, sikuzipima katika mifumo hiyo miwili, lakini zinaonyesha lililo muhimu. Kwa k ya 0.15, saa 14 zinatosha kuishusha 1.0 hadi 0.12. Kwa k ya 0.03, saa 61 huishusha hadi 0.16, kwa hiyo hata maji mazuri yakisafirishwa mbali huhitaji kuongezewa dawa njiani. Mfumo wenye k ya 0.15 una tatizo la uchafu, wenye k ya 0.03 una tatizo la umbali. Tiba zake ni tofauti kabisa, na namba moja ya asubuhi haiwezi kukutenganishia matatizo hayo.

Kipimo chenyewe hakidai maabara kubwa. Tafuta chupa nane au kumi za kioo cha kahawia zenye vifuniko vinavyobana (zikikosekana, chupa nyeupe zilizofungwa kwa karatasi ya alumini zitafaa), ndoo safi ya lita 10, bomba la sindano, kipimajoto, kifaa chako cha DPD na saa. Usiku wa kuamkia kazi, zijaze chupa maji yenye klorini nyingi, miligramu 10 kwa lita au zaidi, kisha asubuhi zisuuze kwa maji yaleyale utakayoyapima. Usipofanya hivyo, uchafu wa kwenye kioo utakula dawa, nawe utapima chupa ukidhani umepima maji. Chota maji yaliyochujwa kabla hayajatiwa klorini ya mtambo. Yatie dawa ndani ya ndoo kwa kiasi unachokijua. HTH (poda ya hipokloraiti ya kalsiamu) ikiwa bado mpya ina klorini asilimia 65 hadi 70, kwa hiyo gramu 15.4 za HTH ya asilimia 65 ndani ya lita 1 ya maji hutoa mmumunyo wa asilimia 1, na mililita 1.5 za mmumunyo huo ndani ya lita 10 hutoa miligramu 1.5 kwa lita. HTH iliyokaa miezi kwenye stoo yenye joto na unyevu hupoteza nguvu, basi usiiamini lebo. Pima ndoo mara tu baada ya kukoroga ili ujue umeanzia wapi hasa. Jaza chupa hadi pomoni, pasibaki hewa, zifunike, ziweke gizani kwenye joto lilelile la maji ya bomba. Kisha fungua chupa moja kwa kila kipimo na usiirudishe: baada ya nusu saa, saa 1, saa 3, 6, 12 na 24. Chupa zinazobaki zitumie kurudia saa mbili kati ya hizo, ili ujue mkono wako unayumba kwa kiasi gani.

Hapa DPD inataka nidhamu. Rangi ya klorini huru isomwe ndani ya dakika moja, kwa kuwa ukiiacha, kloramini zitaanza kuikoleza na utadhani dawa ingali nyingi. Maji yenye klorini nyingi mno huiondoa rangi kabisa, na mtu huandika sifuri mahali penye sumu. Ukiona waridi limetokea kisha likafifia papo hapo, punguza sampuli kwa maji yasiyo na klorini na upime upya. Manganizi iliyokwisha kuoksidishwa nayo hutoa waridi la uongo. Njia hii ya DPD ilitangazwa na Mwingereza Palin mwaka 1957, na mpaka leo ndiyo inayoaminika zaidi nje ya maabara. Makosa yake mengi hutokana na haraka ya msomaji.

Tuseme uliweka 1.5, ukasoma 0.90 baada ya saa 1, 0.74 baada ya saa 3, 0.55 saa ya 6, 0.30 saa ya 12 na 0.09 saa ya 24. Chukua logi asilia ya kila namba, kwa kikokotoo cha simu au jedwali la kompyuta, uichore dhidi ya muda kuanzia saa ya kwanza. Nukta zitajipanga karibu na mstari ulionyooka, na mteremko wake ndio k. Njia ya mkato ni hii: logi ya 0.90 ni −0.105, logi ya 0.30 ni −1.204, tofauti yake ni 1.099, na ukiigawa kwa saa 11 zilizopita kati yake unapata 0.10 kwa saa. Lakini andika pia ile 0.6 iliyopotea kabla saa ya kwanza haijaisha. Hiyo ni njaa ya mara moja ya maji, na mara nyingi ni chuma, amonia na salfidi. Kasi ya taratibu inayofuata, hiyo k, zaidi ni ya uchafu wa mimea na udongo. Namba hizi mbili zinaeleza mambo mawili tofauti, usizichanganye kwa kuchora mstari kuanzia dakika sifuri.

Faida kubwa huja unaporudia kipimo hiki kwa maji ya kila hatua: maji ghafi, yaliyotulizwa, yaliyochujwa, yote yakiwa na dozi ileile na joto lilelile. Maji ghafi yakiwa na k ya 0.30, yaliyotulizwa 0.28 na yaliyochujwa 0.12, shabu yako haijafanya lolote la maana juu ya uchafu ulioyeyuka. Huenda dozi ni ndogo, au pH imetoka mahali pake, au ukorogaji ni hafifu, na chujio linabeba mzigo usio wake. Yaliyotulizwa yakiwa 0.12 na yaliyochujwa 0.12, chujio linazuia tope lakini halipunguzi kingine, jambo ambalo kwa chujio la kasi si la ajabu. Ila namba ya yaliyochujwa ikizidi ya yaliyotulizwa, kuna kitu kinaoza ndani ya mchanga, nao unahitaji kuoshwa leo. Neno moja kuhusu mlonge, ambao watu wengi huusifu, na kwa haki: mbegu zake hukusanya tope vizuri sana. Lakini unga wa mbegu nzima huacha majini protini na mafuta, na hivyo huila klorini. Maji yaliyotakata kwa mlonge yanaweza kuwa na k kubwa kuliko yalivyokuwa kabla. Anayeutumia ayatie klorini baada ya kuyamimina yaliyotakata na kuyaacha mashapo, na apime mabaki kwa saa kadhaa, asipime mara moja tu.

Mtaalamu atasema kwamba hesabu ya k moja ni nyepesi mno. Ana haki. Klorini halisi hupungua kwa awamu mbili au zaidi, na k ile unayoipata hubadilika ukibadili dozi: ukiongeza klorini kwenye maji yaleyale, k hupungua, kwa kuwa walaji wenye pupa ni walewale na dawa imekuwa nyingi kuliko wao. Zipo modeli zinazofuata kiasi cha klorini na kiasi cha walaji kwa pamoja, nazo hukadiria vizuri zaidi kwa dozi mbalimbali. Lakini wewe hutafuti sheria ya maumbile. Unataka kulinganisha mtambo wako wa leo na mtambo wako wa mwezi uliopita. Kwa kazi hiyo k moja inatosha, mradi dozi isibadilike, joto lisibadilike na muda wa kusoma usibadilike. Joto hasa ulitazame: kwa makadirio ya kawaida ya kemia, kasi hukaribia kuongezeka mara mbili kwa kila nyuzi 10. Kipimo cha nyuzi 18 Iringa hakilinganishwi na cha nyuzi 29 Tanga.

Pingamizi la pili ndilo linaloleta madhara mengi: kama klorini inakwisha upesi, si tuongeze tu? Wakati wa mlipuko wa kipindupindu, ndiyo, ongeza bila kusita. Shirika la Afya Duniani lenyewe husisitiza kwamba uuaji wa vijidudu usiachwe kamwe kwa hofu ya kemikali zinazozaliwa na klorini. Lakini kama desturi ya kila siku, kuongeza dawa ni kuficha kasoro. Mwaka 1974 Johannes Rook, mkemia wa maji wa Rotterdam, alitangaza kwamba klorini ikikutana na uchafu wa mimea huzaa klorofomu na ndugu zake. Kila miligramu inayoliwa na uchafu ule ni malighafi ya kemikali hizo. Zaidi ya hapo kuna ladha. Wapo watu wanaoitambua klorini hata kwenye 0.3, na anayeishi karibu na tangi atanywa dozi iliyokusudiwa mwisho wa bomba. Akiyachukia maji ya bomba akarudi kisimani, dawa yote imepotea bure. Kupunguza chakula cha klorini kunamlinda wa kwanza na wa mwisho pamoja.

Chupa inakueleza habari za maji peke yake. Mabomba yana ulaji wao, na hapa ndipo kipimo cha chupa kinapopata thamani ya pili. Kadiria muda wa maji kufika kituo fulani kwa kugawa ujazo wa bomba kwa mtiririko, tumia k ya chupa kukisia klorini itakayokuwapo, kisha nenda ukapime. Ukikisia 0.6 na ukakuta 0.55, bomba ni safi. Ukikuta 0.1, kati yako na kituo hicho kuna kutu, utando wa vijidudu, tope lililolala, au uvujaji unaonyonya maji machafu. Kwenye mgao hali huwa mbaya zaidi, kwani bomba lisilo na msukumo huruhusu maji ya mtaro kuingia, na maji yaliyolala bombani siku mbili yamekwisha kula dawa yake. Kwa mtandao wenye matawi mengi ipo EPANET, programu ya bure iliyotengenezwa na Lewis Rossman katika shirika la mazingira la Marekani na kutolewa mwaka 1993. Hupokea kasi ya klorini kuliwa na maji na kasi ya kuliwa na ukuta wa bomba, kila moja mahali pake. Ile ya kwanza utaipata chupani, wala usiikope kitabuni.

Na safari haiishii kioski. Mwaka 2013 watafiti walifuatilia maji katika kambi za wakimbizi Sudan Kusini, kuanzia bombani hadi ndani ya vyombo vya majumbani. Waliona kwamba kiwango kilichozoeleka cha 0.2 hadi 0.5 bombani hakikutosha. Walipendekeza 1.0 hivi, ili baada ya saa 10 za kukaa ndani ya ndoo na dumu bado kuwe na kinga. Kazi hiyo ilipopanuliwa hadi Jordan na Rwanda, kila mahali palihitaji kiwango chake. Nawe fanya vivyo hivyo: omba familia kumi zikuruhusu upime dumu lilelile linapojazwa na tena kesho yake asubuhi. Nyumba inayochota kwa kikombe chenye mpini kupitia mdomo mpana na nyumba yenye ndoo ya koki zitakupa namba tofauti, na tofauti hiyo haitibiwi mtamboni.

Kipo kitu ambacho kipimo hiki hakikioni kabisa. Mwaka 1993, Milwaukee nchini Marekani, takriban watu 400,000 waliugua kwa kriptosporidi, kimelea ambacho klorini ya kawaida haikiui. Mkunjo mzuri wa klorini haukuhakikishii chochote dhidi yake. Kinachokizuia ni chujio, na mlinzi wa chujio ni kipimo cha tope, kwa hiyo usikiache kwa sababu umepata kingine. Kipimo cha bakteria nacho kiendelee, ingawa majibu yake huchukua saa 18 hadi 24, na siku yanapokujulisha kwamba maji yalikuwa machafu, maji hayo yamekwisha kunywewa. Mabadiliko ya k huonekana kabla ya madhara, na hiyo ndiyo sababu ya kukipa kipimo hiki nafasi yake kando ya hivyo viwili.

Rudia zoezi la chupa mwishoni mwa kiangazi, wiki ya kwanza ya masika, kila unapobadili gunia la shabu, na kila baada ya kuosha machujio kwa kina. Daftarini, kando ya k, andika tarehe, joto, pH, tope, dozi, na jina la aliyepima. Ukiona k ya maji yaliyochujwa imepanda kutoka 0.05 hadi 0.10 ndani ya juma moja la mvua, nenda kwanza kwenye pipa la shabu na kwenye chujio, kisha ndipo ugeuze vali ya klorini, na jioni hiyohiyo mtume mtu na kifaa cha DPD hadi kioski cha mwisho.